Mkuyu Ulioshika Jiwe

Kasongo, tarehe 12 Aprili 1953

Kwa Mama Mwanvua binti Ramazani, Kabambare

Mama, nakusalimu kwa heshima.

Hunijui, nami sikujui. Naitwa Octave Kalonda, mtunza bustani katika nyumba ya Bwana Administrata, mkuu wa wilaya hapa Kasongo. Jina lako nimelipata kwa Jean-Marie, dereva wa kamyo ya pamba. Aliniambia: "Kule Kabambare iko mama moja, miti yake iko mizee kama bibi yako, lakini mifupi kama mutoto wa juzi." Nilidhani ni pombe inayosema. Akaapa.

Shida yangu ni hii. Madame wangu ana kitabu chenye picha za miti ya Wajapani, miti ya miaka hamsini inayoishi ndani ya sahani. Shina nene, ganda la kizee, na mti wenyewe haupiti goti la mtu. Anataka mmoja wa namna hiyo uwe mezani siku ya sikukuu yao ya Ubelgiji, tarehe 21 Julai, wageni watakapokuja. Kaniambia nitafute kitalu kizuri, nisimletee takataka.

Nimezunguka vitalu vitatu. Cha mapadri kina miche ya machungwa na kahawa, safi sana, yote ya umri mmoja, hakuna hata mzee mmoja kati yao. Kwa agronomu, bwana shamba wa Serikali, kuna michikichi tu, na ukiuliza kingine anakuuliza namba ya shamba lako la pamba. Nyangwe kuna mfanyabiashara aliyeniuzia mti mdogo mzuri, tawi lake limepinda kama kiwiko. Siku ya nne majani yakakauka. Nikauvuta kidogo, ukatoka mzima mkononi, hauna mzizi. Lilikuwa tawi tu, lilichomekwa udongoni asubuhi ile ya soko. Madame hakunigombeza. Aliniangalia tu, na afadhali angenigombeza.

Jean-Marie anasema kwako upo mkuyu uliokumbatia jiwe kwa mizizi yake. Huo ndio ninaoutaka. Niambie bei, Mama, nami nitamwambia Madame.

Wako kwa heshima,
Octave Kalonda


Kabambare, 25 Aprili 1953

Octave, mtoto wa watu,

Salaam. Barua yako imefika, inanuka sabuni ya Wazungu. Usishangae kujibiwa na mwanamke kwa mkono wake mwenyewe. Marehemu mume wangu alikuwa karani wa pamba, akanifundisha herufi ili apate mtu wa kubishana naye.

Huyo wa Nyangwe alikula pesa yako kwa sababu hukugeuza chungu. Ukifika kwenye kitalu usianze na majani. Majani ni nguo ya Idi, kila mtu anayo ya siku moja. Inua chungu utazame tundu la chini. Mzizi mweupe ukichungulia, mti ni mzima. Mzizi mweusi unaonuka, hapo unauziwa maiti. Tikisa shina kwa vidole viwili, likicheza limepandwa jana. Geuza jani uangalie mgongoni, ndiko wadudu wanakokaa. Uliza mti ulizaliwa kwa mbegu au uling'olewa porini, na kama uling'olewa, umekaa chunguni mvua ngapi. Ukishamaliza, mtazame mwenye kitalu. Akianza kuusifu mti kabla hujamwuliza, nenda zako. Kitalu kizuri ni kile ambacho mwenyewe hana haraka ya kuuza.

Basi mimi sina haraka hata kidogo, maana miti yangu haiuzwi. Yote ina wenyewe, mimi ni mlinzi. Wenyewe wako mbali. Huo mkuyu wa jiwe nao una mwenyewe.

Tafuta kwingine, na Mungu akusaidie na Madame wako. Lakini unaandika kama mtu wa huku. Kalonda gani wewe? Mama yako ni nani?

Mwanvua binti Ramazani


Kasongo, 8 Mei 1953

Mama Mwanvua,

Asante kwa mafundisho. Nimerudi kwa mapadri nikageuza vyungu vyao vyote, mpaka Frère, bruda wao wa bustani, akaniuliza nimepoteza nini.

Mama yangu aliitwa Émérance, wa huko huko Kabambare. Alifariki akimzaa mdogo wangu. Mimi nilikuwa na miaka mitano. Mapadri wakanichukua, na mdogo wangu akabaki kwa shangazi. Kwa hiyo ni kweli mimi ni mtu wa huku, ila sikumbuki chochote cha huko zaidi ya moshi wa jikoni.

Nitakuambia ukweli wote, maana naona wewe si mtu wa kudanganywa. Mdogo wangu anaitwa Marcellin. Miaka miwili iliyopita chifu alitakiwa atoe watu wa kupeleka mgodini, upande wa Salamabila, naye akamtoa yeye, maana hana baba wa kumtetea. Alitoroka mara moja. Wakamrudisha, wakamwongezea mwaka. Nimemwomba Madame mara nyingi amsemee kwa Bwana. Safari hii amejibu: "Octave, niletee mti wa kweli, na Bwana ataandika karatasi ndugu yako aje kufanya kazi hapa bustanini pamoja nawe." Ni mtu wa neno lake. Sijawahi kumwona akigeuka.

Basi ni hivyo. Mti mmoja kwa mtu mmoja. Huyo mwenye mkuyu, yeyote aliye, mwandikie umweleze. Nadhani akijua ni kwa ajili ya kumtoa mtu mgodini, hatakataa.

Mwanao, kama unaniruhusu kujiita hivyo,
Octave


Kabambare, 19 Mei 1953

Mwanangu Octave,

Nimeisoma barua yako nimekaa chini. Mimi ni mkunga, na mama yangu alikuwa mkunga. Siku Émérance alipofariki nilikuwapo. Mikono hii ndiyo iliyompokea Marcellin, na ndiyo iliyokufunga vifungo vya shati siku mapadri walipokuja kukuchukua. Ulilia mpaka ukatapika.

Huo mkuyu, kuliko miti yote niliyo nayo, siwezi kuutoa uende kwa Madame. Usiniulize sababu katika karatasi. Kuna maneno yanayotoka mdomoni kwenda sikioni, tena kwa watu wa nyumba tu, kwa sababu akiyajua mwenye husuda anaweza kuyafanyia ubaya. Barua hufunguliwa na watu. Njoo mwenyewe, hata kwa siku mbili, nikuambie. Ningekuja mimi, lakini mguu wa kushoto umevimba, choo chenyewe nakifikia kwa fimbo.

Njoo, mwanangu.

Mwanvua


Kasongo, 30 Mei 1953

Mama,

Nimeomba karatasi ya njia, ile ruhusa ya kusafiri. Bwana amekataa, anasema hakuna atakayemwagilia maua kiangazi hiki. Nikitoka bila karatasi nitalala gerezani, na Madame atapata mtunza bustani mwingine kabla ya Jumapili.

Samahani kwa nitakayosema. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba mwenye kitalu mzuri hana haraka ya kuuza. Nimekuwa sokoni pia, Mama. Ninajua kuwa asiye na haraka mara nyingine anangoja bei ipande. Kama ni bei, itaje. Nina baiskeli, nitaiuza. Nina suruali mbili za Bwana ambazo hazijachanika. Lakini usiniambie kuna siri za kunong'onezana wakati mdogo wangu amesimama ndani ya maji ya mgodi kutoka asubuhi mpaka jioni. Ulimpokea mikononi mwako, unasema. Basi mpokee tena.

Siku zimebaki hamsini na mbili.

Octave


Kambi ya mugodi, 2 Juni 1953

Yaya Octave, mukubwa wangu,

Jambo sana. Miye niko muzima, kifua tu ndiyo kinauma kidogo sababu ya baridi ya maji. Munganga alinipa kidonge, akasema rudi kazini. Zahabu ninaiona kila siku, lakini chumvi siioni.

Barua yako ilifika. Sitaki kuota sana, lakini ninaota. Alimasi, mwenzangu wa Kabambare, mukataba wake unaisha mwezi huu. Anasema ataniachia sufuria yake. Nikamujibu achukue tu, miye nitamufuata nyuma, Madame ataniita.

Yaya, siku nikirudi, kitu ya kwanza kabisa nitapanda muti wangu mulangoni, mizizi yake inyooke. Wewe yako ulisha kupanda ao bado? Halafu nitaoa. Alimasi anacheka, anasema bibi gani atakubali mutu mwenye vidole vyeupe kama samaki. Nikamwambia vidole vitarudi rangi yake.

Usisumbuke sana juu yangu. Wewe ulikuwa unasumbuka hata ungali mutoto, shangazi alinielezea.

Mudogo wako,
Marcellin


Kabambare, 27 Juni 1953

Mwanangu Octave,

Jean-Marie amebeba mkuyu. Nimemwambia asiuweke nyuma pamoja na magunia, akae nao kitini.

Sasa ni wako. Hakuna malipo, na usinishukuru. Alimasi amerudi jana kutoka mgodini kwa miguu. Alipofika mlangoni kwangu alikaa chini. Sikumwuliza.

Utaona nilivyoufunga. Nimeshona mwenyewe. Utajua la kufanya, nami sina la kuongeza katika karatasi. Kula, mwanangu, hata kama hutaki. Mwombe Bwana wako tena karatasi ya njia. Safari hii hawezi kukukatalia.

Mama yako,
Mwanvua


Kasongo, 7 Julai 1953

Mama yangu Mwanvua,

Nianzie wapi? Nisamehe kwanza kwa barua ile ya hasira. Nilikuwa mpumbavu.

Mkuyu umefika salama, hakuna hata jani lililodondoka. Nilifanya kama ulivyonifundisha. Niligeuza chungu, mizizi ni myeupe, shina halitikisiki, mgongo wa majani ni safi. Na namna ulivyoufunga, Mama, sijaona kitalu kinachofunga mzigo wake hivyo. Kitambaa cheupe kipya, kimezungushwa chungu chote, kimeshonwa bila fundo hata moja. Madame alishangaa. Aliniuliza maana yake, nikamwambia ndiyo desturi ya vitalu vya Kabambare, kuonyesha mti haujaguswa njiani. Alipenda sana. Amekifua kitambaa, amekitandika mezani chini ya chungu. Jean-Marie naye amekuwa na adabu mpya, alivua kofia aliponikabidhi. Nikamwuliza kama ni joto. Akageuka akapanda kamyo yake.

Na sasa habari yenyewe. Madame ametimiza. Juzi Bwana ametia sahihi karatasi, nimeiona kwa macho yangu, jina la Marcellin limeandikwa kwa mashine. Imeondoka jana kwenda mgodini. Kibanda changu nimekipaka chokaa, nimemtengenezea kitanda cha mianzi. Nimemwambia Emilienne wa jirani kuwa mdogo wangu anakuja na anatafuta mke. Alicheka akaingia ndani, lakini hakukataa.

Marcellin ameniandikia. Huko mgodini amekuwa mpenda miti kama mimi. Anasema akirudi atapanda mti wake, tena ananiuliza kama nimeshapanda wangu. Nimepanda mamia, nitamwambia.

Jambo moja la kuuliza. Madame anafuata kitabu chake. Ametoa mkuyu chunguni, amekata mizizi kama theluthi kwa mkasi, amefunga matawi kwa waya ili yainame. Mimi ndiye niliyeshika shina. Tangu jana majani ya juu yamelegea. Nimwagilie mara ngapi?

Mwanao mwenye furaha,
Octave


Kabambare, 16 Julai 1953

Octave, mwanangu,

Marcellin amekufa.

Naandika neno ambalo sijawahi kuliandika. Kwetu kifo hakiandikwi, kinaletwa kwa mkono. Nilikileta kwako kwa mkono na hukukiona. Kosa ni langu. Nilikumbuka vifungo vya shati lako, nikasahau kwamba tangu hapo hakuna mtu aliyekufundisha.

Alikufa tarehe 14 Juni, kwa kichomi. Alimasi alimshika kichwa. Walizikwa watatu siku ile, huko huko, na Alimasi hajui kaburi ni lipi kati ya hayo. Karatasi ya Bwana wako ilitiwa sahihi wakati ameshalala chini wiki tatu.

Sasa nikuambie yale niliyotaka kukuambia sikioni. Mtoto akizaliwa kwetu, kitovu chake kinazikwa, na juu yake unapandwa mti. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kisha Serikali ikaja ikatuhamisha, tukae kando ya barabara, watuhesabu vizuri. Tukaacha miti. Baada ya miaka sita wakatuhamisha tena. Mara ya pili mama yangu akasema, hatuachi tena mtu nyuma. Akawaambia wanawake wazike kitovu na kupanda mti humo humo katika vyungu. Mti wa chunguni lazima ubaki mdogo ili ubebeke, basi tukajifunza kuukata na kuunyima udongo. Haikuwa kwa ajili ya uzuri, mwanangu. Tuliifanya mifupi kwa sababu hatukujua tutahamishwa lini tena.

Vijana wanapochukuliwa, wananiachia miti yao. Mwenye mti akirudi, unatolewa chunguni unapandwa mlangoni kwake. Akifa, unashonewa nguo nyeupe bila fundo, kama anavyoshonewa maiti, unapelekwa kwa ndugu yake wa karibu, naye anaupanda badala ya mwili. Shimo ni lile lile. Kwa vyovyote vile, mwisho wake ni udongo.

Huo mkuyu ni wa Marcellin. Jiwe lile ni la jikoni kwa Émérance. Wewe ulitaka kuutoa ili umpate yeye, nami ningeutoaje mti wa mtu aliye hai? Alipokufa, ukawa haki yako. Nilidhani utaona sanda, utakaa chini, utalia, kisha utauleta nyumbani.

Mti wako wewe nao upo. Ni mkuyu pia, mwembamba, unainama upande wa kushoto. Nimeumwagilia miaka ishirini na mitatu.

Nisamehe. Au usinisamehe, lakini nenda ukauchukue mkuyu wa Marcellin kabla haujakauka.

Mwanvua


Kasongo, 27 Julai 1953

Mama,

Barua yako niliipata tarehe 23, siku mbili baada ya sikukuu. Wageni waliusifu sana. Agronomu aliuliza umetoka kitalu gani, Madame akanielekeza mimi kwa mkono, nikasimama pale na sinia la glasi nikatabasamu. Majani yalikuwa yamebaki kumi na moja.

Nilipomaliza kuisoma nilikwenda kwa Madame. Nilimweleza yote, hata la kitovu, ingawa si la kumwambia mtu wa nje. Alilia, Mama, sitamsingizia. Alinipa kopo la biskuti na siku moja ya kupumzika. Nikaomba mti. Akasema: "Octave, mimi na Bwana tulifanya sehemu yetu. Tulipatana." Ndiyo kweli. Tulipatana, na yeye hakuvunja neno lake. Kesho yake lilikuja jibu la mgodi, mstari mmoja tu, kwamba mfanyakazi aliyetajwa hayupo tena katika hesabu. Bwana alilitia kwenye faili pamoja na karatasi yake.

Hasira yangu ninaijua ni ya nani. Mimi ndiye niliyeshika shina wakati wa kukata. Nilishika kwa nguvu lisiteleze, na nilikuwa nikiimba. Nimepanda kila kitu katika bustani hii, kila waridi, na sikujua kwamba nami nilipandiwa mti nilipozaliwa. Marcellin aliniuliza kama wangu nimeshaupanda, na jibu langu lilikuwa mzaha. Sijui nitaubeba namna gani mzaha huo.

Leo alfajiri nimeingia varandani nikauchukua. Nimefungua waya zote. Chungu cha Madame nimekiacha mezani, kizima, asiseme nimemwibia chungu. Mizizi nimeifunga na udongo wake katika kitambaa chako kile kile. Nimekitoa chini ya chungu, kina doa la divai, halikutoka. Majani yamebaki manne. Nimekwaruza ganda kwa ukucha kama wewe ungefanya, na chini yake pana kijani kidogo upande mmoja.

Barua hii anakuletea Jean-Marie. Kamyo yake inakaguliwa barabarani, kwa hiyo mimi nitakuja kwa miguu, kwa njia za mashambani. Karatasi ya njia sina. Wakishagundua, watatuma polisi, na polisi wana baiskeli. Nikikamatwa nitaomba waniache nao mkononi, sijui kama watakubali. Jean-Marie anajua njia nitakayopita. Nimempa kiatu changu kimoja, cha pili ninacho mimi, ili akisikia habari yoyote ya mtu aliyekutwa njiani aulize kama ana mwenzake wa kiatu hicho.

Usikae mlangoni kunisubiri, mguu wako utavimba zaidi. Ila nifanyie kazi moja. Umesema mwenye mti akirudi unapandwa, na akifa unapandwa. Basi kwa vyovyote hutakuwa umechimba bure. Mtafute Alimasi akusaidie, mchimbe mlangoni palipokuwa kwa Émérance, kama mnapakumbuka. Chimbeni mashimo mawili, karibu karibu.

Mwanao,
Octave wa Émérance